Kobe Aliyefuata Jua

Alitoka ndani ya robota la nyasi kavu. Lori la nyasi lilikuwa limetoka nyanda za chini na kutushushia marobota yetu pale Masimba, nami nilikuwa nimekata kamba ya moja na kumtupia ng'ombe fungu la kwanza. Ng'ombe wetu hana adabu akiona chakula, lakini asubuhi hiyo alirudisha kichwa nyuma akapuliza kwa pua. Nikainama. Palikuwa na kitu kama kokoto ya mtoni, kidogo kuliko kiberiti, chenye mistari ya manjano na myeusi. Nikakiokota. Jiwe likatoa miguu.

Mimi nimefikia umri wa kuitwa babu na watu ambao wao wenyewe ni babu, lakini nilipiga kelele kama mtoto. Mkaza mwanangu, ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya yangu katika boma hilohilo, alitoka mbio na mwiko mkononi. Nikamwinulia kile kitu aone. Alisimama palepale mlangoni pake, akaweka mkono mdomoni, akanyoosha shingo. Hakusogea, wala mimi sikusogea.

Kwetu Kisii mambo ndivyo yalivyo. Baba mkwe na mke wa mwanawe huishi kwa heshima ambayo ina mipaka yake, nasi huiita chinsoni. Mimi siingii nyumba ya mwanangu tangu alipooa. Sizunguki nyuma ya nyumba hiyo, kwenye jiko lake na bafu lake na kamba yake ya nguo. Hatupeani kitu mkono kwa mkono, na akiwa na neno zito la kuniambia humpitishia mumewe. Mwanangu anafundisha upande wa Nyamarambe na hurudi Ijumaa kabla jua halijatua, Sabato isimkute njiani. Watoto wao wako shule za bweni. Mke wangu alishatangulia. Kwa hiyo kuanzia Jumapili jioni hadi Ijumaa boma lote huwa la watu wawili wanaosalimiana kwa mbali.

Sasa tukawa na mgeni. Sikumpa jina. Nilimwita mgeni tu, na jina likamkaa.

Mwanangu aliniambia kobe si wa kufugwa ovyo, ni mnyama wa pori na ana sheria yake. Nikavaa koti, nikaenda mjini kwa maafisa wa wanyamapori, nikajieleza mpaka wakachoka, nikapewa kibali. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha, kana kwamba nimeandikishiwa shamba jipya.

Kisha nikaanza kumlea, na hapa sina wa kumlaumu ila mimi. Nimesoma mpaka kidato cha nne na nimekuwa karani wa ghala katika kiwanda cha majani chai kwa muda mrefu wa maisha yangu, lakini sikuwahi kulisha mtoto mchanga hata mara moja. Wakati wangu mwanamume aliyeonekana na kijiko cha uji mkononi alichekwa mpaka sokoni. Watoto wangu walilishwa na mama yao, mimi nikiwaona wakiwa wamekwisha kuoshwa. Kwa hiyo kobe yule ndiye kiumbe wa kwanza niliyemlisha kwa mkono wangu, nami nilimlisha kwa hamu ya miaka yote ile.

Nilimpa kile nilichokijua kuwa chakula cha mtoto. Nilimpondea kwa uma ndizi mbivu, zile ndogo tamu kabisa. Nililowesha ugali wa wimbi katika maziwa ya moto, nikausubiri upoe, nikamwekea kwenye kibakuli cha jiwe laini la kuchonga la Tabaka ambacho mke wangu alikuwa akiwekea sukari. Mgeni alikuwa akinyoosha shingo, anafungua kinywa kisicho na meno, anauma hewa kwanza, halafu anapata. Ndizi ikimpaka usoni anaipangusa kwa mguu wa mbele kama mzee anayejipangusa povu la chai. Niliweza kumtazama mpaka chai yangu mwenyewe ikapoa. Usiku na siku za mvua, na kwetu mvua ya alasiri haikosi, nilimweka ndani ya boksi la sabuni kando ya meko, juu ya sweta langu kuukuu.

Kanisani walisikia. Mzee mwenzangu mmoja, tunayekaa naye benchi moja, alininong'oneza ibada ikiendelea.

“Tunasikia boma lako limeongezeka.”

“Ndiyo.”

“Anafanana na nani?”

“Na mimi,” nikamwambia. “Shingo.”

Tulitikisika mabega mpaka mhudumu akatukazia macho.

Mgeni alikua haraka. Akawa kama ngumi, halafu akapita ngumi, nami nikajiona fundi. Kila Ijumaa jioni nilimwonyesha mwanangu, naye alimpiga picha kwa simu akamtumia kila mtu. Sikujua kwamba kukua upesi si kukua vizuri. Mtu wa kwetu akiona mtoto mnene husema anapendwa.

Halafu nikaona miguu ya nyuma inaburutwa. Nikadhani ni baridi, nikasogeza boksi karibu zaidi na moto, nikaongeza ndizi. Akawa anatoa shingo nusu na kuirudisha. Siku moja nilipomshika nikahisi gamba lake limekuwa laini pembeni, kama ukucha wa mtoto. Nilimtia ndani ya kofia yangu, nikaifunika kwa leso, nikapanda pikipiki mpaka Keroka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa akimhudumia mwenye kuku, lakini alipoona kilichomo ndani ya kofia aliwaacha kuku. Alimgeuza, akamtazama tumboni, akambonyeza mgongoni kwa kidole gumba. Gamba liliingia ndani kidogo kisha likarudi. Niliona kwa macho yangu.

“Anakula nini, mzee?”

Nikamweleza yote, na nakiri kwamba nilieleza kwa majivuno: ndizi, wimbi, maziwa, meko, sweta.

Hakucheka. “Umemlea kama mjukuu,” akasema. “Sasa mifupa yake imekuwa uji.”

Akanieleza taratibu. Kobe wa aina hii ni mla nyasi na magugu. Tumbo lake halijui maziwa, na ndizi kwake ni peremende. Gamba si kifuniko alichovaa, ni mfupa wake mwenyewe, na mfupa huo haujengeki bila chokaa na bila jua. Nimpe nyasi, magugu ya shambani yasiyopigwa dawa, majani ya maboga, na nimpondee maganda ya mayai juu yake kama chumvi. Lakini juu ya yote, jua. Si joto la meko, wala mwanga wa kupitia kioo cha dirisha. Jua lenyewe lipige mgongo, kila siku, na kivuli kiwe karibu akikitaka.

“Akilipata atafika kiangazi na utamwona mwingine,” akasema. “Asipolipata hafiki.”

Sikusikia pikipiki ilivyonirudisha. Nilikuwa na haraka, na ajabu ni kwamba nilikuwa na furaha pia, kwa sababu kosa nililokuwa nikilifanya lilikuwa na dawa, na dawa yenyewe ilining'inia bure angani.

Nyasi zilikuwa rahisi. Nilitambaa kwenye kingo za shamba la chai nikichuma magugu ambayo maisha yangu yote nimekuwa nikiyang'oa kwa hasira, na nikayajua kwa sura kwa mara ya kwanza: lile la maua ya manjano, lile linalotambaa lenye ua la buluu. Mgeni aliyasusia siku mbili tatu. Alitazama kibakuli, akanitazama mimi, akageuza kisogo, kama mtoto wa mjini aliyepewa mboga chungu. Nilistahimili. Siku aliyouma jani la kwanza niliinuka kwenye kigoda nikapiga makofi peke yangu.

Lililobaki ni jua, na jua kwangu halikuwepo.

Nilipostaafu nilipanda mikaratusi upande wa juu wa boma, safu nzima. Nilisema ndiyo akiba yangu ya uzeeni. Ilikua kama inavyokua mikaratusi, na taratibu ikaufunika ua wangu, halafu ikaanza kufunika bustani ya mkaza mwanangu. Mwanangu aliniletea ombi lake mara mbili: mke wake anaomba hata ipunguzwe tu, mboga zinasinyaa na nguo hazikauki. Mara ya pili nilijibu neno ambalo nililiona la busara siku ile.

“Mwambie jua ni la Mungu, si mimi ninayeligawa.”

Sasa nikawa mtu wa kubeba boksi. Asubuhi kijidoa cha jua kiliangukia kando ya tangi la maji, nikamweka hapo. Kikahamia njiani, nikamhamisha. Kikapanda ukutani ambapo kobe hapandi. Baadaye mawingu yalikuja na siku ikawa imekwisha. Nilihesabu mikaratusi yangu kwa macho, nikaona kila mmoja umesimama na jua lake.

Asubuhi moja nilimwacha kwenye nyasi nikaingia jikoni kuponda maganda ya mayai. Nilipotoka hayupo. Nilitazama chini ya tangi, chini ya migomba, ndani ya buti. Halafu nikamwona mbali, katikati ya njia iendayo nyumba ya mwanangu, akitembea. Yeye ambaye juzi alikuwa akiburuta miguu alikuwa anaiburuta bado, lakini alikuwa ameamua. Nyumba ile ina mlango wa mbele na wa nyuma, na yote miwili ilikuwa wazi, na jua la upande wa pili lilipita katikati kama ubao mrefu wa dhahabu mpaka kizingitini. Ndilo aliloliona.

Nikatembea upesi, kisha nikakimbia, kwa namna ninavyoweza kukimbia. Alipanda kizingiti, ambacho ni cha chini, akaanguka ndani kwa kishindo kidogo. Mimi nikasimama nje kana kwamba nimefika ukingo wa mto uliofurika. Nilichuchumaa, nikamwita. Nilimwita kwa sauti tamu ambayo sikuwahi kuitumia kwa binadamu. Hakugeuka. Alikatiza sebule ya mwanangu polepole, chini ya meza, akapita kati ya viatu vya Sabato, akatokea mlango wa nyuma, akazama katika mwanga.

Ndipo nilipoona kivuli kinapita juu ya paa. Mwewe. Yule mwewe tunamjua, ameshakula vifaranga vya mkaza mwanangu mara nyingi kuliko sisi tulivyokula. Na gamba laini kama lile kwake lingekuwa mkate.

Niliinua mguu mmoja. Nataka niandike ukweli: niliinua mguu, nikaushikilia juu ya kizingiti, kisha nikaurudisha. Hakuna aliyekuwa akiniona, lakini mambo haya hayangoji mtu kuonekana. Nikazunguka mpaka kona ya nyumba, na hapo pia nikasimama. Kobe sikumwona, mwewe nilimwona. Nikavua kofia nikairusha juu ya paa, ikatua pale na haikumtisha mtu.

Basi nikapaza sauti kuelekea shamba la chai, ambako mkaza mwanangu alikuwa akichuma.

“Enyi wa nyumba hii! Njooni! Njooni upesi!”

Alikuwa peke yake, lakini kwa heshima tunamwita hivyo. Nilimwona akipanda mteremko mbio, kikapu mgongoni kikimwaga majani ya chai kila hatua, leso imemtoka kichwani.

“Ni moto, Tata?” akauliza kabla hajafika, maana Tata ndivyo tunavyomwita baba.

“Ni kobe,” nikasema. “Yuko nyuma. Na mwewe yuko juu.”

Alinitazama, akatazama kofia yangu juu ya paa. Akatua kikapu, akapita ndani ya nyumba yake, nami nikabaki nikisikiliza. Nilimsikia akimfukuza mwewe kwa maneno ambayo mke wa mtu hayasemi mbele ya baba mkwe. Halafu nikasikia kicheko, cha mtu aliyejisahau. Miaka yote aliyokaa nasi sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Alirudi mpaka mlangoni, akaketi juu ya kizingiti kwa upande wake wa ndani.

“Amelala juani miguu yote minne nje,” akasema. “Kama mtu aliyelipwa mshahara.”

“Mzima?”

“Mzima. Yuko kwenye mawe ya kuanikia vyombo. Yameshika joto.”

Nikaketi chini palepale nje, nikamweleza aliyosema daktari. Kuhusu mifupa, kuhusu kiangazi. Nilikuwa nasema haraka haraka, na alinisikiliza akiokota majani ya chai yaliyomnasa kwenye sketi.

“Hapo nyuma kuna jua la asubuhi tu, Tata,” akasema. “Baadaye miti inalichukua.” Kisha, akitazama chini, kwa adabu kabisa: “Uliniambia ni la Mungu. Basi naona Mungu mwenyewe amemwelekeza huyu lilipo.”

Nilitazama mikaratusi. Ilikuwa mirefu na mizuri, na nilijua nilichokuwa nakitazama: ombi la mtu, lililoletwa mara mbili kwa unyenyekevu, nami nikalijibu kwa mzaha.

Kuanzia siku hiyo alimchukua mgeni kila asubuhi. Mimi nilimweka juu ya jiwe bapa lililo katikati ya nyumba zetu, pamoja na fungu la magugu na kijiko cha maganda yaliyopondwa, nikaondoka. Yeye alikuja akamchukua. Ilipofika saa ya kivuli alimrudisha juu ya jiwe. Na alianza kunipa habari kwa sauti kutoka nyuma ya nyumba, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya: leo amekula jani zima la boga, leo ameingia ndani ya sufuria, leo amemfukuza kuku. Mimi nilikaa upande wangu na chai, nikisubiri taarifa kama watu wanavyosubiri matokeo ya mpira.

Ijumaa mwanangu alipofika nilimwambia aniletee mwenye msumeno wa mashine. Aliuliza ni mti gani nataka uangushwe. Nikamwambia yote. Alinitazama kama anayetaka kunishika paji la uso.

Jumapili wenye msumeno wakaja. Nimeona mengi, lakini sikumbuki siku niliyofurahi kwa kelele namna ile. Kila mkaratusi ulipolala, kipande cha anga kilifunguka mahali pake, na mwanga ukaanguka chini kama maji yaliyozibuliwa. Uliangukia tangi. Ukaangukia njia. Mti wa mwisho ulipokwenda, jua lilifika kwenye bustani ya mkaza mwanangu lote kwa pamoja, na maboga yake yaliyokuwa yamekunjana yakaonekana kushtuka. Majirani walikuwa wamejipanga barabarani.

“Mzee amekata akiba yake kwa ajili ya kobe,” mmoja akasema.

Wakacheka, nikawaacha wacheke, kwa sababu ni kweli, na ukweli ni mbaya kuliko walivyodhani. Nilichomnyima mtu nilimpa kobe. Jioni ile, watu wakiwa wameondoka na harufu ya mikaratusi imejaa boma, nilisimama kando ya jiwe bapa nikamwambia mkaza mwanangu hivyo hivyo, bila kumpitishia mumewe.

“Ulipoomba wewe, nilipaswa kusikia.”

Alikuwa akikusanya vijiti vya kuwashia moto. “Nilitaka niombe mara ya tatu,” akasema, “halafu nikaona heri nisubiri mtu azeeke apate busara.”

Nilicheka mpaka nikakohoa. Naye hakuficha kwamba alikuwa amekusudia hivyo hasa.

Lakini miti kukatwa si mifupa kupona. Mvua ziliendelea, na siku nyingine jua lilichungulia likaondoka. Mgeni alikula, akaota jua, akalala. Kila nilipomshika nilijizuia kumbonyeza, kwa sababu niliogopa nitakachokihisi. Daktari alikuwa amesema kiangazi, nami nikakingoja.

Kikaja. Kwetu huja baada ya Krismasi, na mwaka huu kilikuja kikavu, vumbi jekundu mpaka kwenye majani ya chai. Tulikuwa tumemjengea uzio wa mawe unaoanza upande wangu na kuishia upande wake, maboga yakitambaa ndani. Asubuhi moja nilimwinua, nikampangusa mgongo, nikasema leo basi. Mkaza mwanangu alikuwa ng'ambo ya mawe, anamwagilia. Aliacha kumwagilia.

Nikaweka kidole gumba pembeni, pale palipokuwa kama ukucha wa mtoto. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena kwa nguvu zaidi, nikaenda mgongoni, nikarudi pembeni. Lile gamba limekua na vinundu visivyopendeza, alama ya ndizi zangu, na daktari alishanionya kwamba hivyo vitabaki daima. Lakini halikuingia. Kidole changu ndicho kilichouma.

“Vipi, Tata?”

Nikamweka juu ya jiwe bapa, nikarudi nyuma hatua chache ili apite. Alikuja, akafuta mikono kwenye sketi, akainama, akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe, mara moja, kama mtu anayejaribu parachichi sokoni.

“Ni jiwe,” akasema.

Jiwe likatoa miguu, likashuka, likaelekea kwenye maua ya maboga.